Mzee Kabari Afike Ameketi

Miaka thelathini na mmoja ya kukimbia mbele ya gari inaisha Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwezi wa sita. Siku hiyo Mzee Kabari, msaidizi wa dereva katika idara yetu ya matangi ya maji, anastaafu rasmi. Wasifu wake nimepewa niandike mimi, fundi mkuu wa karakana, kwa sababu namjua kuliko wote, na pia kwa sababu mhasibu alijaribu akaishia mistari minne.

Wageni mnaosoma haya mkisubiri sherehe, wacha niwaeleze. Matangi yetu yote yako juu ya vilima, na gari linaloweza kupanda huko ni moja tu, lile kuukuu ambalo magurudumu yake yote manne yanavuta. Tunaliita Shangazi, maana halimsikilizi mtu na hufika linapotaka lenyewe. Kupanda, Shangazi hana mpinzani. Shida ni kushuka. Breki zake zilikuwa za dramu, yale makopo ya chuma ndani ya gurudumu, nazo zikilowa kidogo tu mtoni, zimeaga. Dereva alikuwa akikanyaga mara tatu: ya kwanza kuziamsha, ya pili kuzibembeleza, ya tatu miguu inakanyaga huku mdomo unasali. Siku moja zilipata moto hadi tukachemshia chai juu ya gurudumu. Ilikuwa chai nzuri, waulizeni walioinywa.

Mzee Kabari hakuajiriwa kwa kazi ya kukimbia mbele ya gari. Aliajiriwa kufagia uwanja. Asubuhi yake ya kwanza, Shangazi akaja akiteremka na mkurugenzi ndani, honi inalia, breki hakuna. Sisi wengine tulipanda ukuta. Yeye alitupa ufagio, akanyakua kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja, akakisukuma chini ya gurudumu la mbele. Gari likasimama likiwa linachungulia mlango wa ofisi. Mkurugenzi alipopata sauti, akamtoa kwenye ufagio papo hapo. Tangu siku hiyo kazi yake imekuwa hiyo hiyo: gari likikaribia kufika, afungue mlango, aruke, akimbie kulipita, aweke kabari, ndilo gogo lile. Kwa hesabu zangu ameshaizunguka dunia mara mbili kwa miguu, na bado kwenye orodha ya wafanyakazi ameandikwa kwamba husafiri kwa gari.

Nyumbani kwake haikueleweka kabisa. Mama watoto aliambiwa mumewe anafanya kazi kwenye gari, lakini kila akichungulia dirishani anamwona yuko nje, mbele ya gari, anatimua mbio na gogo begani. Majirani walikuwa wakimpa pole, wakidhani tunamfukuza. Shemeji yake mmoja alifunga safari hadi karakana, akamkunjia dereva mikono ya shati, akataka aambiwe mzee wa watu amekosa nini.

Sasa, tulipomuuliza Mzee Kabari anataka zawadi gani ya kuagwa, tulitegemea aseme godoro au saa ya ukutani. Alikuna kichwa, akasema anataka kitu kimoja: hata mara moja tu, afike mahali akiwa amekaa ndani ya gari kama watu, na mkewe awe anaona. Karakana nzima ikawa kimya. Hata kompresa ilinyamaza, ingawa hiyo ilikuwa imeharibika.

Hapo nikavua shati. Wauza vipuri walisema gari la umri ule halibadilishwi breki, labda libadilishwe gari lenyewe. Niliwacheka mbele yao. Nilitafuta gari changa la ukoo wa Shangazi, lililopinduka likabaki sehemu za chini tu, nikang'oa breki zake za diski nikazifunga kwenye magurudumu ya mbele. Dramu za nyuma nikazipiga msasa na kuzivalisha viatu vipya. Nikaweka pampu mpya, paipu mpya, na busta, lile pipa dogo linalompunguzia dereva kazi ya kukanyaga. Kutoa upepo kwenye paipu peke yake ilikuwa vita. Ulitoka upepo wa miaka yote ile, kalenda ya ukutani ikajifunua hadi Desemba. Sijisifu, naeleza tu yaliyotokea.

Tukaenda kujaribu kwenye mteremko wa karakana. Dereva alikuwa amezoea kukanyaga kwa nguvu zake zote, basi akakanyaga kwa nguvu zake zote. Shangazi akasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Miwani ya mhasibu iliendelea na safari peke yake. Na Mzee Kabari? Jamani, alikuwa ameruka kitambo! Gari limesimama huku juu, yeye yuko kule chini, kapita kantini, kapita geti, anatafuta gurudumu. Akalipata, la baiskeli ya tarishi. Akaliwekea kabari, akatupungia mkono kwamba tuko salama.

Tukamfunga mkanda. Akaufungua mwenyewe bila kujua, huku anatusimulia habari za wajukuu. Nikang'oa kitasa cha mlango wa upande wake. Akatokea dirishani, mtu wa miaka sitini, na sehemu kubwa ya suruali yake ya sherehe ikabaki kwenye gari. Jioni hiyo aliketi juu ya tairi bovu, mnyonge, akaniambia gari nimelitibu, ila miguu yake ndiyo imeshindikana.

Nilikwenda kumweleza mkewe. Mama yule alicheka hadi akashika ukuta, kisha akafuta machozi, akasema nimpe yeye hilo gogo. Nikampa.

Basi Ijumaa saa nne asubuhi Shangazi atateremka kutoka tangi la juu hadi mbele ya hema la sherehe. Mama atakuwa humo hemani, kiti cha kwanza, ile kabari mapajani. Mkimwona mzee anafika ameketi, simameni mpige makofi, na mimi fundi mkinikumbuka kidogo sitakasirika. Mkimwona mbele ya gari anatimua mbio, mpisheni tu njia. Mikono yake haina kitu, na safari hii anakimbilia kwa mkewe.

Mzee Kabari, idara nzima inakushukuru. Vilima vyote tulivyoshuka tukafika wazima, tulifika kwa miguu yako. Kaishi kwa raha na jamaa zako, na kila utakakokwenda, ufike umeketi.