Fundi Kengele na Panga za Ukumbini

Ndugu waombolezaji, marehemu baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Kengele, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa nne wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na walimu walimkumbuka kwa kuifungua kengele ya umeme siku ya mtihani ili aone inalia vipi.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mtunza ukumbi wa michezo, akaukuta mchezo wa panga nyembamba zisizo na makali, zenye waya wa umeme uliogandishwa kwa gundi, ili ncha ikimgusa mpinzani kengele ilie. Waya ukikatika, mtoto anapiga vizuri na anaambiwa hajapiga, jambo lililomuuma sana marehemu, naye akajitengenezea vifaa, bisibisi kwa spoki ya baiskeli, kindoano kwa kibanio cha nywele, na ubao wa kuupinda upanga wakati gundi inakauka.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982, akiwa amechelewa, upanga umemgandia kidole gumba, baba mkwe akauliza huyu amekuja kuoa au kuvamia, shangazi wa bibi harusi akajibu kwamba vyovyote vile amekuja, apokelewe, kisha akambandua taratibu kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Walijaliwa watoto watatu, na Mama hakuwahi tena kumiliki kibanio.

Februari mwaka huu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukagoma, akalazwa, na wiki ya fainali ya binti yake wa mwisho, naye mchezaji wa panga, waya wa upanga wa binti ukakatika. Marehemu alilia, akiwaza mwanawe atapiga asisikike. Ndipo Mama, ambaye hakuwahi kuigusa kazi ile, akaufunga ubao kwenye kitanda cha wodi, akalaza waya huku akiitwa mzembe na kumjibu mgonjwa anyamaze, mpaka upanga ukakamilika, umegandana na shuka, na muuguzi akalikata kwa mkasi bila kumsema mtu.

Tarehe 8 Juni binti alishindwa, lakini kila alipomgusa mpinzani, kengele ililia, marehemu akaisikia kwenye simu aliyoshikiwa sikioni na mfanya usafi wa wodi, akamwambia Mama kwamba waya wake umekaa sawa, sifa ambayo hakuwahi kumpa mtu. Alifariki alfajiri ya tarehe 10.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi mwenye mkasi, majirani walioleta viti, na wenzake wa ukumbini, na tunawaarifu wazazi wa wachezaji kwamba panga mbovu ziendelee kuletwa nyumbani, Mama anapokea, ila msimharakishe.

Baba, lala salama, mkono wako sasa upumzike.