Mashua Iliyofunguka Katesh

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na kinywa kama changu! Maneno haya ni yangu. Mkono ni wa mjukuu wangu Neema, kwa kuwa mimi shule sikuiona.

Nilikuwa mwanamke wa neno moja. Nikisema, nimesema. Hapa kijijini Dirma watu waliniogopa, nami nikadhani hiyo ndiyo heshima.

Miaka ile tulipotengwa na Arusha tukawa mkoa wa Manyara, vitu vya kila namna viliingia mjini Katesh. Mwanangu Paulo, baba yake Neema, alikwenda huko kuchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, maana kupe walikuwa wakiwamaliza. Hakurudi. Siku ya nne nikaletewa salamu: "Mwambieni mama, nikiifungua mashua narudi."

Mashua! Ndugu zangu, nani ana mashua huku kwetu Hanang? Nilikwenda kwa miguu hadi Ziwa Balangida, nikakuta chumvi nyeupe na upepo.

Nilimpata Katesh, katika kibanda cha gemu, ameketi mbele ya televisheni, akicheza. Humo mlikuwa na bahari ya nyota nyingine, na mashua ya chuma yenye mizinga mitatu, imechorewa kufuli. Hapewi mtu mpaka ashinde mapambano yote.

"Shikamoo, bibi! Panda, tunavuka!" vijana wakacheka. Nikawapita hadi kwa Paulo.

"Mama, limebaki pambano moja tu," Paulo akasema bila kugeuka. "Ikifunguka, tunakwenda."

Nikatema mate chini, mbele ya wote. "Basi ikifunguka ikubebe, na kwangu usifike!"

Hapo ndipo alipogeuka. "Mama, lifute hilo neno."

Mnajua uzito wa neno la mzazi lililotemewa mate: ni laana. Sikulifuta.

Sijafika hata kituo cha mabasi, nikasikia kibanda kizima kikishangilia. Mashua ilikuwa imefunguka. Paulo akatoka, akapanda lori la Singida. Nilimwona, ndugu zangu. Sikumwita.

Ng'ombe walikufa. Mkewe alirudi kwao, akaniachia Neema. Nikapiga marufuku jina la Paulo nyumbani mwangu. Miaka ikapita. Kila nilipopiga magoti kuomba, ulimi ulikuwa mkavu kama lile ziwa. Kinywa kilichomfungia mwana mlango kingebishaje hodi kwa Mungu? Nilitamani kufa, na hata hilo sikuweza kuliomba.

Jumapili moja mwinjilisti akauliza kanisani: "Nani amefungwa hapa, afunguliwe leo?" Neno lilelile la kibandani! Nikasimama, nikasema, "Kufuli ni mimi." Nikatoka nje, nikaelekea upande wa Singida, nikapaza sauti mbele ya wazee wa kanisa: "Paulo mwanangu, neno langu nimelifuta. Rudi!"

Hajarudi. Sitawadanganya. Sijui kama yu hai. Lakini siku ile niliomba, na machozi yalitoka.

Tukiwa njiani Neema akaniuliza, "Bibi, sasa naweza kusema baba?"

"Sema," nikamwambia. Akalisema mpaka tukafika nyumbani.

Namshukuru Mungu aliyenifungua kinywa. Nawe uliyemfunga mtu kwa neno, mtumaini Yeye, ulifute leo, kabla lori halijaondoka. Na yeyote atakayekutana na Paulo, amwambie kwamba mlango wa mama yake hauna komeo.

Neema, usilie juu ya karatasi. Andika.