Cleopa Tajeu, Mlezi wa Nzi wa Vizimba Vitatu (1986–2025)

Wakubwa wetu wa Berega, wakubwa wetu mliotoka bomani Zombo, na majirani wa Mikumi, shikamooni. Huyu tunayemzika alikuwa mtu wa maneno machache, na haya nayo nitajaribu yasizidi.

Cleopa alizaliwa Berega tarehe 9 Juni 1986, mtoto pekee wa Mama Naomi, Mkaguru, na mzee Tajeu, mfugaji wa Kimasai. Wote wawili wametangulia. Likizo alipelekwa kwa baba yake, na huko watoto walimwita Mkaguru. Akirudi mlimani Berega anaitwa Mmasai. Alisimulia kwamba alijifunza bao akicheza peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto, "na bado nilikuwa nafungwa."

Alisoma shule ya msingi Berega, akamaliza sekondari Kilosa mwaka 2004, akapata stashahada ya kilimo Morogoro mwaka 2009. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa matunda hapa Mikumi.

Kazi yake ilikuwa nzi wa matunda, wale wanaotoboa mapera na kuacha funza ndani. Alilea aina mbili zilizo karibu kwa udugu, kila moja na kizimba chake cha wavu. Kwenye kizimba cha tatu alizichanganya. Madume wengi wa uzao wa kwanza walikuwa tasa, ila majike walizaa. Vizazi vikafuatana, tasa wakapungua, mpaka wale machotara wakawa hawawataki tena nzi wa upande wowote wa wazazi. Wakachaguana wenyewe kwa wenyewe.

"Aina mpya huanza hivi," alimwambia mkewe. "Sisemi imeshakuwa. Inaanza."

Wenzake walimwambia ya kizimbani si ya porini. Alikubali, akaenda kutega mitego mpaka Ruaha atafute kama wapo. Hakuwahi kuwapata.

Mjomba wake, mzee Evarist, alimtania, "Mpwa wangu, unafuga machotara upate wenzako?"

"Mjomba, watu wote ni aina moja. Ni nyinyi tu mnaosahau." Mzee alicheka hadi akakohoa.

Alifunga ndoa na Devota, anayesoma haya, tarehe 12 Desemba 2020. Walikutana sokoni.

"Dada, nipe mapera yaliyooza."

"Kaka, una nguruwe wangapi?"

"Sina nguruwe. Nina nzi."

Devota alimpa bure ili aondoke. Kesho yake alirudi na ndoo.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024. Alitibiwa Kilosa, kisha Morogoro, akisafishwa damu. Alifariki Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, mchana, mkewe akiwa ametoka nje ya wodi kumnyonyesha mtoto. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimeshafunikwa.

Kikaoni mzee Evarist alisema, "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Alale Berega." Baba mdogo Sayialel akasema, "Kwetu ni wa baba. Alale kwetu." Cleopa angeshangaa kuona anavyogombewa. Lakini aliacha wosia azikwe hapa, kwenye kiwanja alichojenga. Mkauliza, "Atalalaje peke yake mahali pasipo kaburi hata moja?" Mwishowe mkakubali, na kwa hilo nawashukuru pande zote.

Marehemu ameacha mke, binti yake Namunyak wa miaka mitatu, na Brayan wa miezi mitano.

Wakubwa wangu, swali lenu lilikuwa la haki, na siku ile sikulijibu. Ni kweli, hapa hakuna kaburi jingine. Leo asubuhi nimewaomba wachimbaji wasipande kitu upande wake wa kushoto. Pale ni pangu. Watoto hawa wakiulizwa kwao ni wapi, wataonyesha hapa.

Tangulia, baba Namunyak. Mungu akulaze kwa amani, ukae naye mpaka nije.