Mwalimu Kisigino na Chuo Kilichoogopa Kusimama

Tarehe 30 Juni mwalimu wetu wa lugha anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwafundisha wanafunzi wa biashara lugha ya kigeni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno mazuri, tena mafupi. Mazuri yapo tele, na yote ni yake. Yanayobaki ni yetu, na hayo nayo nitayasema.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kisigino, maana viatu vyake vilisikika kabla ya sauti yake. Alifika hapa akiwa na mimba ya binti yake wa kwanza, akapewa chumba namba kumi na mbili, ghorofani, na wanafunzi arobaini waliokariri sarufi nzima lakini hawakuweza kumuuliza mteja anataka nini. Aliwavumilia muhula mmoja. Muhula wa pili alisukuma meza ukutani, akawasimamisha.

Kila sentensi ilipewa hatua yake. La jana, hatua moja nyuma. La leo, papo hapo. La kesho, hatua moja mbele. Katika zoezi la kupatana bei, wawili walicheza wakitazamana: anayetaja bei anasogea, anayekataa anageuza bega, na hakuna kuinua mguu mpaka sentensi inyooke. Yeye alipiga makofi kuwapa mwendo. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea sketi pana za shughuli hiyo, akimtania kwamba alioa mwalimu akaletewa mcheza dansi.

Chuoni utani ulikuwa wa aina nyingine. Watu wazima wenye shahada zao walikata viuno kila alipopita ofisi ya walimu, kisha wakaenda kuwasomea noti za zamani wanafunzi waliosinzia. Mimi nilifundisha sheria za biashara katika chumba kilicho chini ya chake. Vumbi la dari liliponidondokea kwenye daftari, nilishindwa kupanda ngazi kumi na nane nikamwambie. Nilimwandikia barua mkuu wa taaluma. Kazi yake niliiita "vituko", na nikajiona fasaha.

Kamati ya watu watano ikakaa mara nne. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kutazama somo. Wakatoka na uamuzi ambao mpaka leo sijui watu waliosoma waliupata wapi: fundi aitwe, viti vya chumba hicho vifungwe sakafuni kwa bolti.

"Sasa tuone watachezea wapi," alisema mkuu wa taaluma, nasi tukacheka kwa adabu.

Walichezea kwenye maegesho, kati ya gari la mkuu huyo na pipa la taka.

Mwaka huo darasani mwake alikuwamo mtunza stoo wa makamo, mwenye kigugumizi. Mwajiri wake alikuwa amemwambia wazi: ufaulu mtihani wa mazungumzo, au nafasi yako apewe mwingine. Watahini walitoka nje ya chuo, nami niliwekwa mlangoni kusimamia, kwa hiyo sikusimuliwa. Aliulizwa kuhusu mzigo uliochelewa. Pale kitini neno la kwanza lilimkwama mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mtahini akaanza kuandika.

"Naomba nisimame," yule baba akasema kwa lugha yetu.

Akasimama. Akarudi hatua moja, akaeleza mzigo ulivyochelewa. Akatulia, akaomba radhi. Akasogea mbele, akaahidi siku ya kuufikisha. Alikwama mara tatu, na mara zote tatu mguu ulimfungulia njia. Mtahini aliweka kalamu chini, akamuuliza jambo lisilokuwa la mtihani, kwa sababu tu alitaka waendelee kuongea.

Alifaulu. Mwalimu alipopata habari, alivua viatu, akaketi kwenye ukingo wa maegesho, akalia.

Mimi nilimfuata pale pale nikakiri barua yangu.

"Nilijua ni yako," akajibu akipangusa macho. "Nani mwingine hapa anaandika 'kwa kuzingatia' mara nne kwenye ukurasa mmoja?"

Na wakubwa? Bolti zilifunguliwa kimyakimya. Mwaka uliofuata kijitabu cha chuo kikatoka kikijisifu kwa "mbinu bunifu za uongozi wetu", na picha ya mkuu wa taaluma ametanguliza mguu kama mtu anayevuka mtaro. Alialikwa kwenye makongamano matatu kueleza somo ambalo hakuwa amewahi kuliona. Mwenye somo alibaki akisahihisha madaftari.

Wiki iliyopita ofisi ya mkuu huyo huyo ilimtaka aandike mwongozo wa mbinu yake kwa siku tatu. Alikubali kwa sharti moja: wakubwa wahudhurie somo. Walikuja saba. Wawili hawakuachana na simu zao, na mmoja aliuliza kama kutakuwa na cheti cha mahudhurio. Mkuu wa taaluma alisimama kama nguzo ya umeme, hajui amtazame nani. Mwalimu alimshika kiwiko, bila kisasi chochote, akamwambia, "Taratibu, mzee. Kwanza msikilize mwenzako."

Uungwana huo hatukuustahili.

Mwalimu, ahsante. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na wajukuu wasiokupa nafasi ya kukaa. Hotuba za leo ni nne, zote za watu wasiojua ulifundisha nini. Ukichoka kuzisikiliza, inuka uende zako nyumbani. Atakayekulaumu aje kwangu.