Rejeta Iliyoninyima Raha

Baada ya miaka thelathini na miwili katika karakana ya shamba letu, fundi mkuu, ambaye sote tunamwita Bwana Taratibu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya kazi naye muda mrefu kuliko yeyote. Walioniomba hawakujua kwamba muda wote huo nimekuwa nikimwonea wivu.

Alianza kwa kuosha vipuri, akapanda hadi fundi mkuu bila kumpandishia mtu sauti. Mkewe hulalamika kwamba hata mezani hukaa upande wa mlango, apate kusikia injini zinazopita njiani.

Msimu mmoja wa kulima, rejeta ya kupozea injini ya trekta letu kuukuu ilianza kuvuja. Nililehemu mara tatu, na mara tatu ikavuja palepale. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki mbili, na rejeta mpya ingechukua mwezi kufika. Bwana Taratibu akaitwa kutoka likizo. Hakugusa tundu. Aliwasha injini, akaweka kiganja juu ya rejeta, akasikiliza inavyotetemeka. Kumbe raba zilizoishikilia chini zilikuwa zimelika, nayo ikawa inagongana na fremu na kupasua lehemu yangu kila mara. Akakata raba nyingine kutoka kwenye tairi chakavu, kisha akaniachia nilehemu mara ya nne.

Meneja alipompongeza, alijibu, "Kulehemu ni kazi ya mwenzangu. Mimi nimekata raba tu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi. Nikamnong'oneza meneja kwamba rejeta hiyo haimalizi wiki. Siku sita mfululizo niliwahi kazini kuliko wote, nikainama chini ya trekta kutafuta japo tone moja. Siku ya saba nikakuta katoni kavu imetandikwa pale, naye yuko nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Nimekutandikia, ndugu yangu," alisema. "Sakafu ina mafuta, tone usingeliona."

Nilitamani ardhi inimeze. Siku hiyohiyo nikaenda kwa meneja kufuta kauli yangu. Trekta lililima msimu ule na mingine tisa.

Bwana Taratibu, asante. Kila ulichokiweza nilitaka nikiweze, na hivyo ndivyo nilivyojifunza ufundi. Wewe na shemeji tunawaombea afya na mapumziko marefu. Meneja ameshaniuliza kama anaweza kukupigia simu mambo yakikwama. Tafadhali, kaka, usipokee. Niache na mimi nionekane.