Muuguzi Evodia na Harusi ya Magoma

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutudunga, Muuguzi Evodia Semboja anastaafu tarehe 30 Juni. Makalio ya tarafa nzima sasa yatapumua.

Alianzia Kwedizinga, Handeni, Msambaa mgeni asiyejua neno la Kizigua. Tulimfundisha matusi kwanza, salamu baadaye. Wakati wa chanjo ya UVIKO, mzee mmoja alijifungia chooni. Evodia aliweka kiti nje, akamenya machungwa mpaka mzee akasalimu amri.

Lakini jina alilipatia Magoma, kwenye kampeni ya surua, miaka mingi kabla ya UVIKO. Surua ilikwisha kulaza watoto kijiji cha jirani, kampeni imebakiza siku moja, na watoto wa Magoma hawaonekani. Walijua pikipiki yake inavyokohoa. Ikisikika tu, wote wamo ndani ya mkonge, na humo hata nguruwe-mwitu hamtoi mtu.

Basi mama huyu akakodi matarumbeta na pikapu. Akajifunika shela, kikasha cha chanjo mapajani kama keki. Kando yake Hiza, bwana afya wetu, ndani ya koti la kuazima. Wazazi walikwisha kuambiwa. Watoto wakatoka mkongeni wakicheza, wakaifuata harusi hadi uwanja wa shule. Hapo shela likafunuliwa. Katoto kamoja kakapiga yowe: “Jamani, bi harusi ana sindano!” Wapi! Kila mama alishamdaka wake.

Aliyesahauliwa kuambiwa ni mmoja tu, mama mkwe wa Hiza, mkazi wa palepale. Alikuja mbio na mwiko.

“Hiza! Mwanangu umemwacha na nani?”

Evodia hakuinua hata macho. “Shikamoo, mama. Mkweo mtamchukua jioni, kwanza anishikie pamba.”

Surua ilipofika Magoma haikupata pa kulala, ikaenda zake. Hasara ni moja: kwa miaka mingi matarumbeta yakilia, watoto walikimbilia mkongeni, na maharusi wa kweli wakashangiliwa na sisi vibogoyo.

Dada Evodia, ahsante. Watoto wale leo wana ndevu na wanatafuta wachumba. Uishi sana, ule vizuri, na wakikualika harusini nenda. Ila ukae mbele, mikono yote miwili juu ya meza, tuione.