Mlango Hauoti Majani: Maisha ya Ndugu Zephaniah Nkusi, 1929–1994

Wasifu huu unasomwa hapa Kagugu, Kigali, leo Jumatano tarehe 7 Desemba 1994. Unasomwa kwa Kiswahili kwa sababu waombolezaji wametoka Karagwe, Bujumbura, Kampala na Bukavu, na kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo marehemu alihubiri nayo maisha yake yote ya ukimbizini. Kabla ya kutuaga aliomba jambo moja. Kwa miaka mingi alikuwa ametoa nusu ya fundisho, akataka nusu ya pili isomwe siku ya kuzikwa kwake. Itasomwa mahali pake.

Ndugu Zephaniah Nkusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 huko Rukara, mashariki mwa Rwanda, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Rwabukumba na marehemu Nyirabashumba. Alisoma madarasa manne katika shule ya misheni. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzipenda. Kengele ya mapumziko ikilia, alikimbilia karakana ya useremala nyuma ya kanisa, akasimama dirishani akinusa maranda. Siku moja fundi mkuu alimwona, akamwambia, "Wewe Nkusi, pua yako imeshahitimu. Sasa ingiza na mikono." Aliingia, na hakutoka tena katika ufundi huo. Mwaka 1948 alikabidhiwa randa yake mwenyewe, ile ambayo leo imewekwa juu ya jeneza lake.

Aliokoka Jumapili tarehe 8 Oktoba 1950, akajiunga na ushirika wa ndugu waliookoka. Kwa wageni wasioujua ushirika huo, desturi yake ni hii. Ndugu aliyetenda dhambi haifichi. Husimama mbele ya wenzake, akaitaja kwa jina lake, kisha hubaki amesimama. Hapo mmoja huanzisha wimbo wa shukrani, wote huinuka, humkumbatia, na jambo huisha. Wimbo usipoanzishwa, hurudi kuketi na mzigo wake.

Marehemu alikutana na desturi hiyo mapema. Mwaka 1952 aliitwa kurekebisha mlango wa nyumba ya mzee Sebagabo, aliyekuwa na binti aitwaye Winifred Gahongayire. Mlango ulirekebishwa, ukakwama tena. Fundi aliitwa tena, ukakwama tena. Mara ya nne mzee Sebagabo aliuliza kama fundi huyo alifundishwa na mchwa. Alhamisi iliyofuata Zephaniah alisimama katika ushirika, jasho likimtoka, akasema, "Ndugu, ule mlango naukwamisha mimi mwenyewe, nipate sababu ya kurudi." Watu walicheka mpaka wimbo ukaanza kwa kicheko. Yeye na Winifred walifunga ndoa tarehe 18 Julai 1953, na mlango wa mzee Sebagabo haukusumbua tena.

Mwaka 1961 walikimbia na mtoto mmoja mgongoni, wakavuka mto Kagera na kufika Nkwenda, wilayani Karagwe. Huko marehemu alitengeneza milango, mabenchi ya kanisa na majeneza, na jioni alihubiri. Alihubiri kwa mifano ya mbao, na mmoja ulimpita sifa yeye mwenyewe. Alikuwa akigonga mlango wa kanisa kwa ngumi na kuuliza, "Huu ulikuwa nini?" Watu hujibu, "Mti!" "Na sasa?" "Mlango!" "Mmewahi kuuona ukiota majani?" "Hapana!" Naye humaliza: "Basi na aliyeokoka ni hivyo hivyo. Asili ya zamani imekufa. Mti ukishakuwa mlango hauoti majani."

Watu wasio na nchi walilipenda fundisho hilo. Waliopoteza kila kitu walitaka angalau jambo moja liwe limekwisha kabisa. Ndugu Révérien, aliye kiongozi wa ushirika wetu leo, alilisikia akiwa kijana mgeni kutoka Bujumbura, akalibeba mpaka kwao.

Vita vilipoanza Oktoba 1990, marehemu alianza kulala na redio sikioni. Kila wiki ilikuja na hofu yake: nani amekamatwa, kilima gani kimechomwa, mazungumzo yamevunjika au yanaendelea. Halafu ukaja Aprili mwaka huu, na Kagera ukaleta habari ambazo redio haikuzisema. Wanaume wa Nkwenda walishuka mtoni kuwazika walioletwa na maji, na marehemu alitengeneza majeneza mpaka mbao zikamwishia. Kisha wakaja watu na simulizi: miongoni mwa waliochinja walikuwamo wanakwaya, wazee wa kanisa, watu waliowahi kusimama na kushuhudia wokovu. Ushirika ulimgeukia na kumuuliza imekuwaje. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake. "Hao hawakuokoka kamwe," alisema. Usiku huo watu walilala. Yeye hakulala. Mkewe alimsikia akijigeuza, akinong'ona, "Lakini niliwajua wawili kati yao."

Tarehe 9 Agosti 1994 yeye na mkewe walivuka mpaka wa Rusumo juu ya lori, wakarudi katika nchi waliyoiacha miaka thelathini na mitatu iliyopita. Kigali ilikuwa na nyumba nyingi kimya. Waliofika waliandika majina yao kwenye mageti na milango, na jina likishaandikwa, wengine walipita. Huko Rebero marehemu alisimama mbele ya nyumba moja yenye mlango wa mvule, kazi ya fundi hodari, vipande vimeungana kiasi kwamba ukucha haupiti. Aliupapasa kwa muda mrefu. Kisha akaokota mkaa na kuandika NKUSI. Akabadilisha kitasa, wakaingia.

Mwanzoni mwa Septemba, mchana, mwanamke mmoja alifika na mtoto mgongoni na ufunguo mkononi. Anaitwa Mukandekezi, naye yuko nasi hapa leo. Ametupa ruhusa ya kuyasema haya.

"Muzehe, ufunguo wangu unakataa," alisema.

"Mama, nyumba hii ina mtu. Huoni jina?"

"Ninaliona. Ninauona pia mlango ambao mume wangu aliufuata mpaka Gisenyi."

"Yuko wapi mume wako?"

"Yuko hapo nyuma, kwenye migomba. Ni mimi niliyemfunika udongo. Kitanda chake unakilalia wewe."

Marehemu alishika kitasa. Kisha akasema maneno ambayo alikuja kuyarudia kwa uchungu mpaka siku ya mwisho: "Rudi wiki ijayo, tutaongea." Akaufunga mlango, nao ulifunga vizuri, kwa sababu mvua zilikuwa hazijaanza.

Mkewe aliuliza kutoka jikoni, "Baba Kellen, ni nani huyo?"

"Mtu anauliza njia."

Tangu siku hiyo sala ilimkataa. Alipiga magoti na kuinuka kama mtu aliyesahau alichofuata. Hofu yake haikuwa nyumba. Hofu yake ilikuwa hii: aliyemfungia mjane mlango ni nani? Kama asili ya zamani ilikufa mwaka 1950, mkono ulioshika mkaa ni wa nani? Na kama haikufa, je, aliwahi kuokoka? Alijipima kwa fundisho lake mwenyewe, na kila alipojipima alijikuta nje.

Mvua za kwanza zilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne mlango wa mvule ulikataa kufunga. Marehemu alichukua randa, akaanza kuuparuza ukingoni, halafu ghafla akaacha.

"Mama Kellen! Njoo uone."

"Nione nini? Mlango umevimba. Si mvua?"

"Miaka yote hii nimehubiri kwamba hauoti majani."

"Na umeota?"

"Haujaota. Lakini bado unakunywa maji, Winifred. Umekatwa, umekaushwa, umepigwa vanishi, na mvua ikija, ule mti uliomo ndani unakumbuka." Hapo akaketi kizingitini, akamwambia mkewe ukweli wote kuhusu yule mtu aliyeuliza njia.

Mama Winifred alipitisha kidole kwenye ukingo uliovimba. Kisha akauliza, "Sasa tuuchome?"

"Nini?"

"Mlango. Si umevimba?"

"Mlango hauchomwi kwa kuvimba. Unapigwa randa."

"Basi maliza kuupiga randa, halafu tufunge mizigo."

Mkaa ulikuwa umeingia ndani ya mbao, kitambaa hakikuweza kuutoa. Aliliondoa jina lake kwa randa na msasa, herufi baada ya herufi, mchana, majirani wakitazama. Walimtafuta Mukandekezi, wakamkuta amejibanza na mwanawe katika stoo ya jamaa huko Kicukiro, wakamkabidhi ufunguo mpya. Wao wakahamia hapa Kagugu, chumba kimoja chenye bati linalovuja.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwenye ushirika, uliokutania sebuleni kwa ndugu Révérien. Alisimama akayasema yote: mkaa, kitasa, uongo kwa mkewe. Akaongeza kwamba alikuwa amewafundisha nusu ya neno. Kisha akabaki amesimama, akingoja wimbo.

Haukuja.

Sebule ile ilikuwa na alama nyeupe ukutani, mraba mraba, mahali palipokuwa na picha za watu wengine. Kila mtu alitazama mikono yake. Wengi wa waliokuwamo walikuwa na majina yao kwenye mageti ambayo hawakuyajenga. Kumwimbia mzee kungekuwa kujiuliza wao wenyewe wanalala wapi.

Mwishowe ndugu Révérien alisema, kwa upole wa kweli, "Mzee, ile neno ni wewe mwenyewe ulitufundisha. Mti ukishakuwa mlango hauoti majani. Kama wewe umeota, basi hukuwa mlango. Tutakuombea upate kuokoka."

Alisema "mzee". Hakusema "ndugu". Kwa watu wengine mzee ni heshima. Kwa mtu aliyeitwa ndugu tangu mwaka 1950, ilikuwa sawa na kuonyeshwa njia ya kutokea.

Homa na kikohozi vilimshika mwanzoni mwa Novemba. Binti yake Kellen, ambaye ni nesi, alimhudumia nyumbani, kisha akampeleka hospitali. Ndugu walikuja kumwona, walileta matunda, waliomba kwa ajili ya wokovu wake kama anavyoombewa mpagani, wakaondoka. Kila walipotoka aliuliza, "Wameniitaje?" Na Kellen alishindwa kudanganya.

Usiku ulimtisha. Alimwambia mkewe, "Kama bado nina asili ile, nitasimamaje mbele Yake?"

Mama Winifred akamjibu, "Baba Kellen, ule mlango wa baba yangu uliukwamisha kabla hujaokoka au baada?"

Alifikiri. "Baada."

"Na ndugu walifanya nini?"

"Walicheka. Wakaimba."

"Basi tangu lini wokovu umekuwa mfupi kuliko ulivyokuwa mwaka ule?"

Aliyemtuliza zaidi hakuwa wa ushirika. Ijumaa tarehe 2 Desemba Mukandekezi aliingia wodini na chupa ya uji. Marehemu alijaribu kuinuka.

"Lala, Muzehe. Sikuja kukusamehe, huko bado sijafika. Nimekuletea uji."

"Mama, wewe unaonaje? Mimi nimeokoka?"

"Hayo waulize wenzako, mimi ni Mkatoliki," alisema, akimimina. "Ninachojua ni kwamba mlango unafunga. Mvua inanyesha na unafunga. Usiku tunalala, mimi na mtoto."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Akanywa uji wote. Hatukuwa tumemwona akicheka tangu Septemba.

Marehemu hakulinganisha kosa lake na damu iliyomwagwa katika nchi hii, na aliyejaribu kumfariji kwa ulinganisho huo alikemewa. Alisema tu kwamba alipowahukumu wale kwa neno jepesi, "hawakuokoka," alikuwa akijifungia mlango asijitazame, na kwamba mtu anayeamini hana tena la kuogopa ndani yake ndiye wa kuogopwa. Wanaotaka kuijenga nchi hii upya kwa jina la Mungu wayasikie maneno hayo. Swali lake tusilizike pamoja naye.

Hii ndiyo nusu ya pili aliyoagiza, kama alivyomtamkia Kellen Jumapili jioni: "Mti ukishakuwa mlango hauoti majani. Hilo ni kweli, silikani. Lakini mvua ikinyesha huvimba, kila mwaka, mpaka siku utakapotolewa bawabani. Kwa hiyo asiyekubali randa asiseme yeye ni mlango mzuri. Na fundi aliyeutengeneza hautupi kwa kuvimba."

Alifariki alfajiri ya Jumatatu tarehe 5 Desemba 1994, kwa ugonjwa wa mapafu, mkewe akiwa ameshika mkono wake.

Ameacha mjane, mama Winifred Gahongayire, watoto wawili, Kellen na Hirwa, wajukuu watano, na milango mingi, Karagwe na Rwanda, inayofunga.

Katika ratiba ya mazishi haya, baada ya wasifu, hapakuandikwa wimbo. Nafasi imeachwa wazi kwa matakwa ya mjane. Marehemu alisimama sebuleni siku ile akingoja, na kwa namna fulani angali amesimama. Wimbo mnaujua. Ambaye jina lake liko kwenye geti lisilo lake asiogope kuuanzisha. Pengine utamwanzishia na yeye safari ya kwenda kulifuta.

Pumzika kwa amani, ndugu Zephaniah. Ndugu.